Gari Lisilozimwa

Marehemu mama alikuwa akisema mimi nilizaliwa nimeshtuka. Eti nilitoka macho wazi na mikono juu, kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni. Sijui kama ni kweli, lakini ndivyo nilivyoishi. Radi ikipiga Urambo, mimi naruka Ipuli. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba nilishtuka, tena na tena, usinicheke bure. Safari hii hata mwenye moyo wa jiwe angeshtuka.

Gari nililinunua kwa ajili ya baba. Mama alipofariki, baba alibaki peke yake kijijini kwetu, upande wa Tura, na mizinga yake ya nyuki na mbwa mmoja mzee. Ndugu zangu wako Dar es Salaam, wao wanampenda baba kwa simu. Mimi ndiye niliye karibu: nyumba ninayo Ipuli, na Kanyenye nina kibanda cha kushona sare za shule. Nilimwomba baba aje akae kwangu. Akasema nyuki wake hawana mtu mwingine. Nikalia, nikanuna, nikamsusia hata simu, hakubadilika. Basi nikaahidi mbele ya kaburi la mama kwamba kila mwezi nitakwenda kumwona kwa macho yangu, nijue anakula, nijue ni mzima. Hilo tu ndilo nililolitaka kwenye gari. Treni ipo, lakini treni ina siku zake. Ukishuka Tura leo, ya kukurudisha mjini utaingojea, na fundi cherehani asiyeketi kwenye cherehani hali.

Aliyeniuzia alikuwa mzee wa mjini, mfanyabiashara, mtu wa kanzu safi na kofia ya kushonwa kwa mkono, ambaye kwao ni Kanyenye tangu enzi za misafara. Pikapu ilikuwa imeegeshwa uani kwake, kuukuu kuliko ndoa yangu, ya rangi ya kijani pale ambapo rangi ilikuwa bado ipo. Nilikwenda na fundi magari ninayemfahamu, mwanamume wa rika langu mwenye gereji ya wazi jirani na kibanda changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, karibu. Gari ndilo hilo, mimi sina maneno mengi. Petroli ni msonobari, dizeli ni mninga. Dizeli haifi."

Akazungusha ufunguo, likawaka mara moja. Fundi wangu akafunua boneti, akatega sikio, akafumba macho kama anayesikiliza kaswida, kisha akasema, "Dada, hiki ni chuma." Mimi nami, nisionekane sijui kitu, nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Nikadhani ni jua.

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwangu likakataa kuwaka. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya Tabora ile ya upepo mkavu, ya kupasua midomo. Nilizungusha ufunguo, likasema ng'ee, likasema ng'e, halafu likanyamaza. Nilibaki nimeshika usukani, jasho linanitoka kwenye baridi ile, nikiwaza kwamba nimenunua kabati. Fundi alipokuja alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mzee alilipasha kabla hatujafika. Ndivyo dizeli kuukuu zinavyouzwa, dada."

"Na wewe hukujua?"

"Nimejua sasa hivi."

Nilimtazama mpaka akaacha kucheka. Ndipo akanieleza ugonjwa. Dizeli haiwashwi kwa cheche kama petroli, inataka joto, na injini ikiwa ya baridi kuna plagi ndogo za kuipasha. Zangu zilikuwa zimekufa. Tukatia nyingine za mtumba, nazo zikafa. Stata ilikuwa imechoka, na injini yenyewe ilikuwa imelegea kwa uzee. Kila alipotaja ugonjwa alimalizia kwa kusema "si kitu," nami nilijifunza kwamba fundi akisema si kitu, ujue ni kitu. Mwisho akanipa sharti.

"Dada, gari hili likishawaka, usilizime mpaka urudi nyumbani. Na hapa nyumbani uliegeshe kwenye mteremko, liwake kwa kuteremka."

Sasa Ipuli utaupata wapi mteremko? Tabora nzima ni tambarare, mpira ukiuweka chini haubingiriki. Ilinibidi nilete udongo wa kichuguu kwa mkokoteni, watu wakaushindilia uani kwangu mpaka kikawa kilima kidogo. Kila jioni nililipandisha gari kwa kurudi nyuma mpaka juu, nikaweka matofali kwenye tairi. Kila asubuhi nilitoa matofali, nikaliachia, nikaomba Mungu. Lilishuka kimya, halafu likakohoa, halafu likawaka kwa kelele iliyoamsha mtaa mzima. Majirani wakaniita Mama Kichuguu. Nilikasirika mwanzoni, baadaye nikaitika.

Mengine yaliharibika kwa zamu. Mpira wa rejeta ulipasuka, nikanusurika kuungua. Nozeli zikaanza kuvuja, moshi ukawa mweusi kiasi kwamba niliwahi kumwomba radhi bibi harusi. Kifuniko cha tangi la mafuta kilidondoka njiani nisikione tena, tukaziba kwa gunzi la hindi lililozungushiwa kipande cha mpira. Fundi alisema ni la muda tu. Gunzi lile likakaa kuliko kifuniko.

Lakini kwa baba nilifika, kila mwezi, masika na kiangazi. Hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Uwanja wa baba ni mchanga tifutifu, bapa kama ungo. Gari likizima pale halisukumiki, tairi zinazama. Kwa hiyo nililishika sharti la fundi. Nikifika nilivuta breki ya mkono, nikashuka, gari likaendelea kunguruma mlangoni. Mabati ya nyumba yalitetemeka. Kuku walikimbilia nyuma ya choo. Baba alitoka ndani akiwa ameshika kigoda, akakiweka, mimi nikapiga goti nusu nusu, jicho moja liko kwenye gari.

Kwetu salamu si jambo la haraka. Mtu akiingia baada ya jua kupinda husema "mwadila," akaitikiwa, halafu huulizwa habari za nyumba, za watoto mmoja mmoja, za mume, za shamba, za mifugo, za njiani, na kila moja ina jibu lake na mguno wake. Baba anaijua salamu hiyo mwanzo mpaka mwisho. Lakini na injini ile inanguruma, tulisalimiana kwa kupiga kelele kama watu waliosimama ng'ambo mbili za mto.

"Baba, hujambo?"

"Eeh!"

"Unakula vizuri?"

"Eeh, mayu!" Mayu ni mama kwa Kinyamwezi. Nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni ananiita hivyo.

Halafu aliongeza jambo, midomo ikacheza, mkono ukanyooka huku na huku. Sikulisikia. Nilijibu, "Nzuri, baba, nzuri!" Nikashusha mchele, sukari, sabuni na mafuta ya taa, yeye akanipakilia dumu la asali, nikaondoka. Nyuma yangu kulikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi mkono wa baba uliinuliwa.

Niliamini anaanza kuwa kiziwi. Umri, nikasema, maana hata kwenye simu, mtandao ukikatika katika, nilikuwa naambulia 'eeh' tu. Nikamnunulia dawa ya matone ya masikio, nikamwelekeza kwa vidole namna ya kuitia. Aliitazama chupa, akanitazama, akaiweka mfukoni. Kijijini walinisifu. Wazee walisema fulani kazaa mtoto, wengine tumezaa namba za simu. Nami, nikwambie ukweli, nilijisikia.

Mwaka wa pili pampu ya dizeli ikaanza kusumbua. Fundi alipolitamka neno pampu, safari hii hakusema si kitu, na hapo ndipo nilipoogopa. Akapatikana mtu wa Nzega, mkulima wa mpunga, aliyelitaka gari vivyo hivyo na maradhi yake. Nikakubali kuuza. Nilikwenda kwa baba mwezi ule kumwambia.

"Baba! Gari naliuza!" nikapiga kelele juu ya mngurumo.

Akanitazama.

"Nauuuza! Sitakuja mwezi ujao! Nitapanga!"

"Sawa!" akajibu.

Nikajua hakusikia. Nikaingia ndani kupanga vitu, nikafagia chumba kwa haraka, nikaenda kaburini kwa mama pale nyuma ya nyumba kung'oa majani. Niliporudi baba alikuwa amesimama ubavuni mwa gari, mkono mmoja ameuegemeza kwenye bodi, kama mtu anayeaga ng'ombe. Nikaona uchungu kidogo. Nikapanda, nikaondoka.

Nilivuka reli salama. Mbele kidogo, kwenye miombo, gari likaanza kupungukiwa nguvu. Nilikanyaga mafuta, likajibu kwa unyonge. Likaruka ruka, likatoa moshi mweupe, likazima. Kimya kilichonijia pale kilinitisha kuliko ajali. Nilikaa nimeshika usukani, mdomo wazi, nasikia ndege. Nilikuwa sijawahi kusikia ndege nikiwa ndani ya gari lile.

Nilijaribu ufunguo mpaka betri ikafa. Simu ilishika mtandao kidogo nilipopanda kwenye tuta la reli, nikampigia fundi. Akasema treni ya kuja huku iko kesho, atapanda na vifaa vyake. Nikarudi kwa baba kwa miguu, viatu mkononi, nikilaani dizeli na ukoo wake wote.

Jirani wa baba ni mfugaji wa Kisukuma. Alichukua maksai wake na mnyororo, akaenda kulivuta gari. Lilirudi kijijini kabla jua halijatua, mimi nimekaa kwenye usukani kama mzoga, ng'ombe mbele, watoto nyuma wanapiga vigelegele. Yule jirani alikuwa akitamba njia nzima.

"Ninyi Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo ya watu! Leo Msukuma kawabebea!"

"Subiri ufe wewe," nikamjibu, "utaona nitakavyocheza kwenye msiba wako." Akafurahi sana, maana utani usiojibiwa huuma. Baba alikuwa amesimama uwanjani. Yeye hakucheka. Alionyesha kwa mkono mahali pa kuliweka gari, pale pale mlangoni pake.

Jioni ile nililala kijijini kwa mara ya kwanza tangu matanga ya mama. Au niseme nilikaa, maana hata kabla ya kulala nilikuwa nimeshashtuka mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa simu. Nilitoka nje, nikasogea mpaka nyuma ya jiko, nikampigia yule mnunuzi wa Nzega kwa sauti ya kunong'ona. Nikamwambia avumilie kidogo, gari ni zima, nimechelewa tu kwa sababu baba haachi kunibembeleza nikae.

"Mayu," baba akasema kutoka ndani ya nyumba, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Usimdanganye mtu wa watu. Gari limezima."

Simu ilinidondoka kwenye majivu. Nikaingia ndani.

"Baba, unasikia?"

"Nasikia tangu nizaliwe."

"Lakini mimi nikija..."

"Ukija huwa sisikii," akasema, akaendelea kumenya karanga.

Ya pili ilikuwa kikohozi. Tulikuwa tumekaa, tunakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, taa katikati, baba akageuka pembeni akakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, cha kumkunja mgongo. Alipomaliza alipangusa macho akaendelea kula.

"Kimeanza lini hicho?"

"Masika."

"Masika haya?"

"Ya mwaka jana."

Masika ya mwaka jana. Mimi niliyekuja kila mwezi, niliyeapa kaburini kwamba nitajua kama ni mzima, nilisimama mbele yake mwezi baada ya mwezi, nikamwona anainama, nikadhani ananicheka au anainamia kigoda. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakuniambia, nikaishia kumsogezea maji. Nilihisi jibu lake sitalipenda.

Fundi alifika kesho yake na treni, ana begi la spana begani na filta mpya kwapani, amechoka na ana maneno mengi. Alimwamkia baba, akapewa maji, akaketi kidogo kwa adabu, halafu akafunua boneti. Alisema ni pampu. Akasema alijua tu ni pampu. Akalizunguka gari akitueleza pampu hiyo ilivyo na roho mbaya. Kisha akafungua filta ya dizeli, kwa kuanzia tu, akachungulia.

Alichovya kidole. Akakinusa. Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi akilifanya: akakitia kidole mdomoni.

"Dada," akasema taratibu. "Hii ni asali."

"Asali gani?"

"Asali. Ya nyuki. Tena nzuri."

Alilala chini ya gari, akafungua tangi. Kabla ya dizeli ilitoka asali, nzito, ya rangi ya kahawia, ikishuka polepole ndani ya beseni kama haina haraka na mtu. Nyuki wawili watatu walikwisha fika. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Akili ilikimbia kila upande. Nikamfikiria yule mzee wa Kanyenye, nikasema labda aliniuzia hivyo hivyo. Nikamfikiria mnunuzi wa Nzega, labda anataka bei ishuke. Nikawaza hata mambo ya kienyeji ambayo siyaandiki hapa, maana kanisani kwetu wananijua. Nilipiga kelele, "Nani ana chuki na mimi kiasi hiki?"

"Tuache hilo," fundi akasema kutoka chini ya gari. "Asali haitoki kwa dizeli wala kwa kitambaa. Tunahitaji maji ya moto. Mengi. Kuna mahali tunaweza kuchemsha debe zima?"

Nikageuka kwenda jikoni. Debe lilikuwa jikoni tayari. Lilikuwa juu ya mafiga, moto umekolea, maji yanachemka, mvuke unapanda. Kando yake kulikuwa na debe la pili, limejaa, linangoja zamu. Baba alikuwa amechuchumaa anasogeza kuni.

Nilisimama pale mlangoni. Kuni zile zilikuwa zimeungua mpaka nusu. Alizikoka kabla fundi hajafungua filta, labda kabla hata treni haijafika.

"Baba. Haya maji ni ya nini?"

"Ya kuoshea asali," akasema.

"Ulijuaje kuna asali?"

Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. "Niliitia mimi. Nilitoa gunzi nikatia."

Huko uani fundi alianza ghafla kuzikagua tairi ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Sikumbuki nilianza kusema nini. Nakumbuka nilikuwa nalia na kugomba pamoja. Nilimwambia angeniua. Nilimwambia je, lingezima juu ya reli, treni inakuja? Nilimwambia mtu mzima, mrina asali maisha yake yote, anawezaje kufanya jambo ambalo hata mtoto hafanyi. Baba alisikiliza yote, kichwa chini. Sijawahi kumwona baba yangu ameinamisha kichwa mbele yangu, na jambo hilo lenyewe lilinitisha.

"Nilifikiri halitatoka uwanjani," akasema. "Asali ni nzito, nikajua itazama chini mara moja, nalo litazima hapa hapa. Ulipoondoka nalo nikashtuka. Nilikufuata kwa miguu mpaka kwenye reli. Nilipoona umevuka, nikarudi nikakaa, naomba."

"Lakini kwa nini, baba?"

"Nilitaka linyamaze."

"Si ungeniambia nilizime!"

Hapo aliinua macho, akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile mimi ndiye niliyechanganyikiwa.

"Nilikuambia, mayu. Kila mwezi nilikuambia. Mayu, lizime hilo, ukae. Ukanijibu, 'Nzuri, baba, nzuri.'"

Nilikaa chini. Nilikaa kwenye majivu na nguo yangu ya safari. Nikaiona midomo yake inacheza, mkono wake unanyooka kulielekea gari, mwezi baada ya mwezi, nami natikisa kichwa na kutabasamu na kushusha sukari.

"Jana ukasema unauza," akaendelea. "Hilo ulilipigia kelele mpaka kuku walilisikia. Nikajua hutakuja tena. Nikasema basi, nimsikie mtoto wangu hata jioni moja." Alivaa kofia yake tena. "Babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, na akarudi. Alikuwa akituambia, ukifika kwa watu, tua kwanza, ndipo uamkie. Hata ukiwa na haraka, tua. Wewe tangu ununue gari hujawahi kutua hapa."

Nilimshika mguu, nikalia mpaka akaanza kukohoa, nikaacha kulia nikasikiliza kile kikohozi chote.

Tuliosha tangi siku nzima. Fundi alimwaga maji ya moto, baba akalizungusha tangi kama anayesuuza kibuyu, mimi nikachochea moto. Fundi alikuwa anaapa kwamba hatamsimulia mtu yeyote, nami nilijua Kanyenye yote itajua kabla ya Ijumaa. Kisha tukaliacha tangi juani likauke kabisa, maana maji ndani ya dizeli ni balaa kuliko asali. Baba alitoa ile chupa ya dawa ya masikio, haijafunguliwa, akampa fundi. Alimwambia labda mjini kuna mwenye kuhitaji.

Gari liliwaka kwa msaada wa maksai. Safari ile baba alikubali kupanda, si kuhama, alilisema hilo mara tatu. Tulikwenda hospitali Tabora, akapimwa, akapewa dawa. Kikohozi kilipungua polepole, kisha kikaisha. Alikaa kwangu Ipuli mpaka dawa zilipokwisha, akiangalia kile kilima changu cha kichuguu kila asubuhi na kutikisa kichwa. Halafu akataka nyuki wake. Yule mtu wa Nzega nilimpigia nikamwambia siuzi. Alinitukana kidogo, nikanyamaza, alikuwa na haki yake.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa baba. Nilikuwa nimewaambia wenye sare zao wasinitarajie wiki ile. Gari lilikuwa lile lile, gunzi lile lile, stata ile ile iliyochoka. Niliingia uwanjani, mabati yakaanza kutetemeka, kuku wakakimbia. Baba alitoka na kigoda. Aliona kwamba sishuki, akasimama.

Nilikuwa nimeshika ufunguo. Kwa mwaka mzima na zaidi sikuwahi kulizima gari lile mahali pasipo na mteremko, na mbele yangu kulikuwa na mchanga mtupu mpaka kwenye kaburi la mama. Nikafumba macho, nikauzungusha.

Lilitikisika, likazima. Mabati yakatulia. Nikasikia nyuki, nikasikia mbwa anajikuna, nikasikia moyo wangu mwenyewe. Nikashuka. Nikatua mfuko wa mchele mchangani, nikapiga goti, magoti yote mawili.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu," akasema, akaketi kwenye kigoda chake vizuri, akaweka mikono magotini. "Habari za nyumba?"

"Nzuri, baba."

"Mume wako?"

"Hajambo, baba."

"Yule mkubwa?"

Akawaulizia wote, mmoja mmoja, kwa majina. Akaulizia majirani. Akaulizia cherehani. Akamwulizia fundi, akauliza kama ameacha kulamba mafuta ya watu. Kivuli cha gari kilikwisha kurefuka kuliko gari lenyewe, na bado hajafika kwenye habari za njiani.

Asubuhi gari lilikataa kuwaka. Nilizungusha ufunguo mara moja tu, nikaacha. Baba hakutoka hata kuangalia. Alikuwa jikoni, amekwisha kubandika matobolwa ya watu wawili.